Matandiko ya Mwenyekiti

Katika mtaa ulio nyuma ya msikiti mjini Kitale, mgeni akiuliza nyumba ya Mama Zahid haambiwi akate kona hii wala ile. Huambiwa afuate pua yake. Mama Zahid, ambaye jina lake ni Kadija, hakuwa akifua nguo, alikuwa akizipamba. Zilianza na sabuni ya unga yenye chembe za samawati, zikaja kwenye maji yaliyomiminiwa dawa ya kulainisha, ile nzito ya zambarau, na kama ni kanzu ya mumewe ya Ijumaa, maji ya mwisho yalitiwa matone ya mafuta ya asumini. Kanzu hiyo ikianikwa, wapangaji wa plotini walikuwa wakichungulia nje kuangalia kama kuna harusi.

Mumewe, Hamdun, muuza mabomba na mifereji, alikuwa akipita sokoni na wauza viazi wakigeuza shingo. Kadija alilijua jambo hilo na lilimfurahisha kuliko pete.

Basi ikatokea kwamba Viola Chelimo, jirani wa lango la pili anayeshona sweta za shule, alipata habari kuwa mama yake ameteleza kwenye tope huko Kapsokwony na kuteguka nyonga. Ilibidi apande mlimani kumuuguza. Ng'ombe hakuwa naye, kuku alishauza, lakini alikuwa na simbilisi wawili aliowapenda kama watu. Akaja kwa Kadija na tundu lao mkononi.

"Hawa ni panya," Kadija alisema, akirudi nyuma hatua.

"Si panya, Mama Zahid. Angalia, hana mkia."

"Panya akikatwa mkia anakuwa nini?"

Viola alicheka, akaweka tundu juu ya meza. Ndani yake alikaa simbilisi mmoja mnene, rangi ya chai ya maziwa, ametulia kama aliyelipiwa kiti. Pembeni yake alikuwa mwingine mweusi, mwembamba, anayetafuna midomo bila kupumzika.

"Huyu mnene anaitwa Mwenyekiti," Viola alisema. "Huyu ni Katibu, kwa sababu ukimwangalia ni kama anasoma kumbukumbu za mkutano. Katibu hana shida. Shida ni Mwenyekiti. Ngozi yake haitaki mchezo. Nilimlaza kwa maranda, akawashwa. Nikamlaza kwa magazeti, akawashwa. Sasa wanalalia hivi vitambaa vya flisi, kama vya majaketi ya baridi. Unakung'uta nyasi na mavi, unafua, unaanika, basi. Sabuni ya kawaida tu."

"Hiyo niachie mimi," Kadija alisema.

Kumweleza Kadija habari za kufua kulikuwa kama kumkumbusha muadhini saa ya adhana. Hata hakusikiliza maneno ya mwisho. Viola alipoondoka, Kadija alikuta kwenye mfuko wa vitambaa kipande cha sabuni nyeupe kisichonukia chochote. Akakihurumia. Alidhani ni cha kunawia mikono baada ya kuwashika wanyama, akakiweka kwenye kibakuli karibu na mfereji wa uani.

Hamdun aliporudi jioni alilizunguka tundu mara mbili. "Na mkojo wao?" aliuliza. "Tunasali humu ndani."

"Nimewatengea beseni lao, lile jekundu, na kamba yao," Kadija alijibu. "Najisi haitagusana na nguo zako. Lakini hata najisi ikipita mikononi mwangu, itatoka inanukia."

Na kweli ilitoka inanukia. Kadija alivifua vile vitambaa kwa kawaida yake: unga wa samawati, dawa ya zambarau, na kwa kuwa wageni ni wageni, tone la asumini. Vilikauka laini kama shavu la mtoto. Alivitandaza tunduni, akamweka Mwenyekiti juu yake kama anayemkalisha bibi harusi.

Mwenyekiti alipiga chafya.

Kesho yake alikuwa akijikuna nyuma ya sikio kwa mguu, haraka haraka, kama anayepiga cherehani. Isitoshe, kitambaa kilikuwa kimelowa juu. Siku walipoletwa, Kadija alikuwa ameona kwa macho yake, mkojo ulikuwa ukipenya flisi na kuzama kwenye taulo la chini, na wanyama wakakaa pakavu. Sasa ulikuwa umetuama juu ya kitambaa kama maji juu ya jani la nduma, na Katibu alikuwa anakwepa vidimbwi akinyanyua miguu.

Mtu mwingine angejiuliza. Kadija aliona jibu palepale: uchafu. Akafua tena, na mara hii akazidisha dawa.

Mwenyekiti akazidi kujikuna.

Kadija akaloweka usiku kucha, akasugua, akaongeza na dawa ya kuua vijidudu, akamalizia kwa dawa ya zambarau mpaka maji yakawa mazito kama uji. Jirani waliopita nje ya ua walisema leo Mama Zahid amejishinda. Ndani ya tundu, manyoya ya Mwenyekiti yalianza kutoka nyuma ya masikio, na ngozi iliyobaki ilikuwa nyekundu.

"Baba Zahid, huyu mnyama anajikuna," Kadija alisema siku hiyo, chakula kikiwa mezani.

Hamdun alikuwa amesimama mlangoni akisugua mgongo kwenye fremu, juu chini, juu chini, kama fahali aliyepata nguzo. "Kujikuna ni maisha, Mama Zahid. Mimi mwenyewe si najikuna?"

"Wewe ni joto."

"Joto gani, na hii baridi ya Kitale?"

Lakini Kadija hakuwa akimsikiliza, kwa sababu simu ililia, na aliyepiga alikuwa Viola.

"Sasa, Mama Zahid? Watoto wangu wako aje?"

"Wazuri sana. Wanakula. Wananukia."

"Ati wanafanya nini?"

"Mtandao, Viola! Mtandao unakatika!" Kadija alisema, akaikata simu mwenyewe, kisha akakaa akiitazama kama imemtukana. Hakuwa mwongo. Uongo mdogo kama huo ulimtosha kuisukuma sahani yake pembeni.

Usiku huo hakulala vizuri. Aliona kabisa atakavyosimama langoni na kumwambia mwanamke aliyetoka kuuguza mama yake kwamba mnyama wake amenyonyoka. Na watu watasema nini? Kwamba Kadija, Kadija yule, amempa simbilisi upele?

Asubuhi Hamdun alikuwa anapeleka mabomba Bungoma kwa fundi mmoja. Kadija alivaa buibui, akachukua tundu na mfuko wa vitambaa, akapanda mbele ya pikapu bila kuuliza.

"Unaenda wapi?"

"Kwa wifi yangu. Mulki amesema huko kuna mtu wa dawa za mifugo anayeaminika."

Mulki alikuwa dada yake Hamdun, ameolewa Bungoma, hodari wa achari na hodari zaidi wa kutania. Walisimama Kiminini kununua karoti za njiani, na kutoka hapo mpaka Webuye hakuna kilichosikika ndani ya gari ila Katibu akitafuna na Mwenyekiti akijikuna. Hamdun naye, kila barabara iliponyooka, alikuwa akipenyeza kijiti cha kupimia oili kwenye ukosi wa shati na kujikuna mgongo.

Mtu wa dawa za mifugo aliitwa Barasa. Duka lake lilikuwa limejaa dawa za kuogeshea ng'ombe na chakula cha vifaranga, na yeye mwenyewe alikuwa mtu mkubwa mwenye miwani midogo. Kadija alipoliweka tundu kauntani, Barasa aliangalia ndani, akaangalia sindano iliyokuwa mkononi mwake, akaangalia tena ndani.

"Mama, nikuambie ukweli. Mimi ni mtu ya ng'ombe. Hii sindano yangu ni lefu kuliko yeye."

"Mpake oili chafu ya gari," mteja mmoja aliyekuja kununua pumba alishauri. "Mbwa wangu alipona."

"Mbwa wako alikufa, bana," Barasa alimwambia. "Si ulinunua mwingine kwangu?"

Hata hivyo alimtoa Mwenyekiti kwa upole usiotarajiwa kwenye mikono mikubwa vile. Alimpulizia manyoya yafunguke, akasogeza miwani, akachunguza nyuma ya masikio, tumboni, katikati ya vidole. "Kupe hakuna. Utitili hakuna. Choa sioni." Kisha akamsogeza karibu zaidi na uso, na papo hapo akapiga chafya iliyotikisa vifurushi rafuni. Akafuta miwani.

"Lakini mama," alisema, "mbona huyu mnyama ananukia kama bibi alusi?"

Wateja walicheka. Kadija alihisi masikio yakimwaka moto. Alishukuru kwa sauti ndogo, akachukua tundu, akatoka. Njia nzima hadi kwa Mulki alikuwa akibishana na Barasa kichwani mwake. Kunukia kuna ubaya gani? Tangu lini usafi ukawa ugonjwa?

Mulki alimpokea kwa vicheko, akamvua buibui, akamkalisha jikoni. Hamdun alikuwa ameenda kwa fundi wake. Kadija aliweka tundu sakafuni, na kwa kuwa vitambaa vya ndani vilikuwa vimelowa, akatia mkono mfukoni mpaka chini kabisa atoe kingine. Kilichotoka kilikuwa kitambaa cha kijani chenye mikunjo, kimechakaa kidogo, hakina harufu yoyote. Kilikuwa kimejificha chini ya mfuko tangu siku Viola alipouleta. Mkono wa Kadija ulikuwa haujakifua.

Alikitandaza huku akiona aibu kwa ugumu wake. Mwenyekiti alikikanyaga, akakizunguka, akajilaza ubavu na kunyoosha miguu ya nyuma kama mtu aliyefika kwake. Hakupiga chafya. Baada ya muda macho yalimlegea.

Kadija alimtazama. Akatazama kitambaa chake kilicholowa. Akainuka, akachota maji kwa kikombe, akamwaga kidogo juu ya kitambaa chake mwenyewe. Maji yalikusanyika yakawa shanga, yakakaa juu yanang'aa. Akavuta ncha ya kile cha kijani, akamwaga kidogo vilevile. Maji yalizama mara moja.

"Wifi, unafanya uganga jikoni mwangu?" Mulki aliuliza.

"Nipe beseni," Kadija alisema. "Na maji moto. Sabuni usilete."

Alitumbukiza vitambaa vyake vyote kwenye maji moto, akavikoroga kwa mkono. Povu likapanda. Akamwaga, akatia maji mengine. Povu. Akamwaga tena, na tena povu likaja, jeupe, jingi, linalonuka zambarau, likavuka ukingo wa beseni na kuanza kutembea kuelekea miguu ya Mulki.

"Wifi," Mulki alisema, amenyanyua dera, "hujatia sabuni. Hilo povu linatoka wapi?"

Kadija alikaa juu ya kigoda. Lilikuwa linatoka kwake. Lilikuwa ni kazi yake yote, limelala ndani ya nyuzi siku zote hizi, nalo ndilo Mwenyekiti alilokuwa akililalia kifua wazi.

"Mimi ndiye niliyemchoma," alisema polepole. "Nilikuwa namchoma, halafu namwosha, halafu namchoma zaidi."

Mulki aliona macho ya wifi yake yanaanza kung'aa, akaacha utani kidogo. Alileta chupa ya siki yake ya achari. "Mama yetu alikuwa akitia hii kwenye maji ya mwisho, kidogo tu. Inatoa sabuni iliyobaki, na nguo ikikauka hainuki siki. Alikuwa akimfulia hivyo Hamdun."

"Hamdun gani?"

"Hamdun wako! Yule? Utotoni ukimvalisha nguo ya sabuni ya kunukia, jioni ni mabaka mwili mzima. Mama alimtengea beseni na kipande cha sabuni nyeupe. Sisi wengine tulikuwa tukimwita yai." Mulki alisita, akamtazama Kadija vizuri. "Si alikwambia?"

Kadija alikuwa anaona fremu ya mlango wa nyumbani, ile ambayo rangi yake ilikuwa imelika upande mmoja, kimo cha bega la mtu mzima. Miaka yote alikuwa akimlaumu fundi wa rangi.

Hamdun aliporudi kwa chakula cha mchana alikuta wanawake wawili wamesimama uani, wamekunja mikono, na vitambaa vya flisi vimejaa kambani. Alijua kuna jambo, akatafuta ukuta wa kuegemea.

"Usisugue huo mgongo," Kadija alisema. "Kaa hapa. Nguo zangu zinakuwasha?"

Hamdun alimtazama dada yake. Mulki akaangalia mawingu.

"Kidogo," Hamdun alisema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo... kila siku."

"Baba Zahid! Mtoto wetu ana ndevu sasa! Miaka yote hiyo ulikuwa unangoja nini?"

Hamdun alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi. "Siku ya kwanza umeingia nyumbani kwangu ulinifulia kanzu. Ukaniletea kwa mikono miwili. Ukaniambia, nusa. Ulikuwa unatabasamu hivi, mpaka meno ya nyuma. Ningekwambia nini? Nikasema inanukia kama pepo. Kesho yake ukazidisha."

"Ungesema siku ya pili!"

"Siku ya pili ulikuwa umeshawaambia majirani."

Mulki alikimbilia ndani akicheka mpaka akajigonga na kizingiti. Kadija alitaka kukasirika. Alikuwa na haki ya kukasirika, alihisi. Lakini alimwona Hamdun amekaa kwenye kigoda kama mtu aliyekamatwa na karanga za wenyewe, shati limetuna nyuma pale alipokuwa amesahau kile kijiti cha oili, na kicheko kilimtoka kabla hajakipa ruhusa. Kikaja na machozi, vyote pamoja. Akamchomoa kijiti mgongoni, akampiga nacho begani, si kwa nguvu.

"Mimi nilidhani nakupendezesha," alisema.

"Ulinipendezesha. Uliniwasha na ukanipendezesha."

Waliporudi Kitale, Kadija alikiokota kile kipande cheupe kwenye kibakuli cha uani na kukitazama kwa heshima mpya. Tangu hapo vitambaa vya simbilisi vilikung'utwa kwanza nje ya ua mpaka nyasi na manyoya yatoke, vikafuliwa kwa maji moto na sabuni kidogo inayotosha tu, vikasuuzwa mpaka maji yatoke kama yalivyoingia, yale ya mwisho yakiwa na tone la siki, kisha vikaanikwa juani. Pembeni, kwenye kamba nyingine, kanzu za Hamdun nazo zilining'inia hazinuki kitu. Kadija alipopita chini yake alijisikia kama amesahau kuvaa hereni.

Ijumaa ya kwanza Hamdun alirudi msikitini amefurahi. "Jamaa wa duka la nguzo ameniuliza kama mke wangu amesafiri," alisema.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia yupo, tena karibu kuliko zamani."

Maneno hayo yalimwingia Kadija mahali pazuri, ingawa alijifanya anatafuta kibanio.

Viola alishuka kutoka mlimani mwezi ulipokuwa unaelekea mwisho, amekonda, viatu vina tope jekundu. Kadija hakungoja aulizwe. Alimkaribisha, akammiminia chai, akamwonyesha nyuma ya masikio ya Mwenyekiti, ambako manyoya mafupi yalikuwa yameanza kuota kama majani ya mvua ya kwanza, na akamweleza yote: dawa ya zambarau, asumini, simu iliyokatwa, Barasa, povu.

Viola alishusha kikombe. "Lakini si nilikwambia sabuni ya kawaida?"

"Uliniambia. Nami nikatia ya kawaida yangu."

Viola alimchukua Mwenyekiti, akamweka kifuani, akaangalia ile ngozi kwa makini, mara ya kwanza na mara ya pili. Kadija alikaa wima kama aliye mbele ya kadhi. Mwishowe Viola alishusha pumzi.

"Kosa ni letu wawili," alisema. "Ningejua hata kwa pua. Mtu yeyote akipita hapa kwenu anajua kawaida yako ikoje." Akanywa chai. "Mama Zahid, nina shida nyingine. Mama hawezi kubaki peke yake kule. Kaka yangu Kimeli anamleta kwangu wiki ijayo, na chumba ni kimoja, na yeye anaogopa panya."

"Si panya," Kadija alisema.

"Mwambie yeye. Nilikuwa nauliza kama wanaweza kukaa kwenu mpaka nipate chumba kikubwa. Lakini kama ni mzigo, sema tu, sitakasirika..."

"Wakae!" Hamdun alisema kutoka chumbani. Akatokea mlangoni amevaa kanzu yake ya nyumbani, nusu ya vifungo haijafungwa. "Wakae hata mwaka. Wakae mpaka wajukuu. Mzigo gani?"

Viola alishangaa. Hakuwahi kumjua Hamdun kama mtu wa wanyama. Lakini Kadija alimsoma mumewe kama anavyosoma mawingu ya Kitale kabla ya kuanika. Hamdun alikuwa akihesabu kwamba maadamu Mwenyekiti yumo nyumbani, chupa ya zambarau haitarudi.

"Umesikia mwenye nyumba," Kadija alimwambia Viola. "Wakae."

Kisha alimgeukia Hamdun, akamfunga vifungo vilivyosalia kimoja kimoja, na kwa sauti ya chini ambayo Viola hakuisikia akamwambia, "Hata wakiondoka, mwoga wee."

Hamdun akakohoa, akaenda jikoni kuwatafutia simbilisi karoti.